Nukta ya Shangazi

Kazi yangu watu huiona ya kistaarabu: kutengeneza ramani ya nchi nzima, ionyeshe wapi pana msitu, wapi shamba, wapi vichaka, ili mali hizo zitunzwe. Picha zinapigwa na setilaiti, lakini setilaiti haiwezi kutofautisha mkorosho na kichaka. Kwa hiyo huwekwa nukta kwenye ramani, na hutumwa mtu aende hadi mahali penyewe, aingie, aangalie kwa macho yake, ndipo aandike. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nukta moja iliangukia Maneromango, katika shamba la shangazi yangu. Mumewe alikuwa amefariki, naye yumo ndani anakaa eda. Mazishini sikwenda, nilisingizia kazi. Sasa kazi hiyohiyo ikanileta hadi karibu na mlango wake, mikono mitupu, uso sina pa kuuweka. Nikabaki barabarani. Nikayatazama majani yaliyopanda hadi kwenye matawi ya mikorosho, nikaandika "vichaka". Mvua inakuja, njia mbovu, twende zetu! Ndivyo nilivyojiambia, mwongo mkubwa.

Mwaka uliofuata shangazi akaja kwangu Tangini, karatasi ameifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee. Kijijini wanasema ramani imeonyesha shamba langu ni vichaka, eti litaingizwa kwenye hifadhi ya msitu. Palizi ilinipita nikiwa edani, nani angelima? Wewe ndiye mtu wa ramani. Niulizie, mpumbavu gani kaandika hivi?"

Jamani! Nikakiweka chini kikombe cha chai.

"Ni mimi, shangazi."

Hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Ulifika?"

"Nilifika barabarani."

"Na mimi nimo ndani." Akaifunga karatasi yake tena, polepole. "Ukapita."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Kamati ya kijiji ilikubali nirudi kuthibitisha kabla mpango wa hifadhi haujapitishwa. Nikarudi na kishikwambi changu, na sukari, kama vile sukari ingefuta kitu. Shangazi alikuwa amekwisha kupalilia. Mikorosho ilisimama kwa mistari, mikubwa, hata kipofu angejua ni shamba. Nikapiga picha, nikafuta "vichaka", nikaandika "shamba la mikorosho". Nikashusha pumzi, nikidhani tumemaliza.

"Bado," akasema.

Akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo, akanipeleka hadi kwenye mkorosho wa mwisho. Chini yake palikuwa na tuta la udongo, limefagiliwa, na kibao kila upande. Mumewe. Yule aliyenifundisha kubangua korosho bila kuungua vidole.

"Na hapa," akauliza, "siku ile uliandika nini?"

Jibu alilijua. Alitaka tu alisikie kwa kinywa changu, mbele ya marehemu mwenyewe.

"Vichaka, shangazi. Niliandika vichaka."