Mlango wa Kutokea Kwenye Barua za Dada

Kwetu Makindye mgeni haondoki kirahisi. Marehemu mama akikuona unaanza kuaga, alikuwa anatuma mtu akafiche viatu vyako, kisha anakuuliza kwa upole unakimbilia wapi na chai bado iko jikoni. Sisi Wanubi ndivyo tulivyolelewa. Mimi na dada yangu mkubwa tukaichukua tabia hiyo tukaipeleka mpaka kwenye barua pepe, na hapo ndipo tulipojitia matatani.

Dada anapika: sambusa, pilau, na gurusa, ule mkate wetu mwembamba wa kuchovya kwenye mchuzi. Wateja wake wengi wako maofisini Nakasero, na mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia barua pepe kila Ijumaa kuwatia hamu. Niseme ukweli, nilijiona mwandishi hasa. Aliyetaka kuacha kuzipokea ilibidi ateremke hadi chini kabisa, atafute maandishi madogo ya kijivu, abonyeze, aulizwe sababu, aulizwe kama ana hakika, halafu ukurasa wa mwisho umwambie: "Unaondokaje hujala?" Maneno hayo alinipa dada mwenyewe. Tulicheka sana siku ile.

Basi Ramadhani imeshaingia, kampuni inayotusafirishia barua hizo ikatuonya. Watu wengi mno walikuwa wanaturipoti kwamba tunawatumia barua taka. Tusipojirekebisha, akaunti inafungwa, na Idd ndiyo hiyo inakuja. Biashara ya dada ya mwaka mzima inategemea Idd, na oda zake karibu zote zinatokana na zile barua. Nikamwambia, dada, wanaoturipoti ni wale walioshindwa kutoka, tuwarahisishie. Tuweke kitufe kikubwa, juu kabisa, mtu abonyeze mara moja, basi.

"Yaani niwafukuze wateja kwa mkono wangu mwenyewe?" akasema. "Wewe umerogwa."

Sikubishana naye. Nilimpa simu yangu nikamwambia ajaribu kujitoa. Akafuta unga mikononi kwa kanga, akaanza. Akateremka, akarudi juu, akateremka tena, akaniuliza hicho kitu kiko wapi. Alipofika kwenye sababu akasonya. Alipoulizwa kama ana hakika alinitukania ukoo, akasahau kwamba ni wake pia. Kisha akakutana na "Unaondokaje hujala?" Akanisogezea simu usoni.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Wewe."

"Toa," akasema. "Toa yote."

Wallahi sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Niliweka kitufe juu, na chini yake: "Ukitaka kuacha kupokea barua hizi, bonyeza hapa. Hatuulizi kitu." Nikajaribu mwenyewe, nikatoka. Nikajirudisha, nikatoka tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Ijumaa tukaituma barua yenye kitufe hicho, tukakaa jikoni macho kwenye simu. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Dada aliumia, maana kila aliyetoka alimjua kwa chakula chake. "Huyu ni yule mzee wa pilau. Na huyu naye, na pilipili yote ninayomsagia." Mimi nilikuwa nataka kucheka, na huku nawahesabu waliobaki.

Malalamiko yakakatika. Kampuni ikatuandikia kwamba akaunti haifungwi tena, na nilimkumbatia dada na unga wake wote. Oda zikaanza kuingia kutoka kwa waliobaki. Lakini yeye bado alikuwa anawawaza waliokwenda, kila mara ananiuliza kama kuna aliyerudi.

Idd ikikaribia, simu yake ikalia. Alikuwa yule mzee wa pilau. Mikono ya dada ilikuwa imejaa mafuta, akaniambia niweke spika. Mzee akaagiza pilau ya ofisi nzima, na sambusa za kupeleka nyumbani kwake. Dada hakuweza kujizuia.

"Lakini mzee wangu, si ulijitoa?"

"Nilijitoa kwenye barua, mama. Chakula chako nimekikataa lini? Ila huyo anayekuandikia, mwambie apumzike kidogo."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kalamu mkononi, ikabidi nimwandikie mzee oda yake.