Glavu za Mama Maige

Mama Maige, mkazi wa Igoma, alikuwa karani wa mapokezi ya samaki katika kiwanda cha minofu ya samaki nilichofanyia kazi mwaka 1998. Alikuwa akimshika sangara kwa mashavu, anamnyanyua mara moja, anataja kilo zake kabla mzani haujatulia. Miaka mitano hakuna aliyewahi kumlalamikia. Mpaka leo nachemka nikikumbuka jinsi alivyokaribia kufukuzwa, na kwa sababu gani.

Mwaka ule kiwanda kilileta kompyuta ndogo za kushika mkononi, ili uzito uandikwe humo badala ya daftarini. Programu yake niliiandika mimi, Renatha, binti wa Bukoba niliyejiona msomi. Meneja wetu, Bwana Luhaga, alinipa masharti: kifaa kikikaa dakika moja bila kuguswa, kilale. Kikiamshwa, kidai namba ya siri ya tarakimu nane. Mtu akikosea mara tatu, kijifunge mpaka yeye meneja aje kukifungua. Nikaandika hivyo hivyo, bila kukanyaga mapokezi hata siku moja.

Kule mapokezi kulikuwa na sharti jingine, la wakaguzi wa usafi: glavu za mpira hazivuliwi mpaka mzigo wa mtumbwi uishe. Na glavu za Mama Maige zilijaa ute wa samaki. Kila alipochelewa kidogo na sangara mkubwa, kifaa kililala. Akikiamsha, kinadai namba. Vidole vinateleza, anabonyeza saba inaingia nane. Alhamisi moja mchana kikajifunga kabisa, meneja yuko mkutanoni mjini, na samaki ambaye hajaandikwa haruhusiwi kuingia kwenye barafu. Mzigo mzima ulikaa juani kwa muda wa saa tatu, ukaharibika.

Barua aliyoandikiwa Mama Maige ilisema "uzembe". Uzembe! Mwanamke aliyeshinda juani akiwamwagia samaki maji kwa ndoo, akiomba mtu amtafute meneja! Alipewa siku saba za kujieleza, baada ya hapo kazi basi.

Nilipanda ofisini kwa Luhaga nimebeba kifaa na glavu za Mama Maige, mbichi vile vile. Nilimkuta amekaa na mkurugenzi wa kiwanda, barua ya Mama Maige iko mezani. Nikaona afadhali.

"Vaa, bosi," nikamwambia. "Halafu fungua."

"Wewe Renatha, una wazimu?"

"Fungua tu. Namba unaijua, uliichagua mwenyewe."

Mkurugenzi alikuwa anamtazama, kwa hiyo alivaa. Akakosea. Akajifuta ute kwenye suruali, akakosea tena. Mara ya tatu kifaa kikajifunga mkononi mwake, akaanza kuvua glavu.

"Usivue," nikasema. "Mwenzako haruhusiwi kuvua."

Mkurugenzi aliichukua ile barua, akaichana vipande vinne. Luhaga hajaomba radhi mpaka leo, na wala sitegemei.

Wiki ile nilirekebisha programu. Kifaa kiliunganishwa na mzani kwa waya, na samaki akiwekwa tu, kinaamka chenyewe na kufungua ukurasa wa uzito tu, bila kudai namba. Namba ikabaki kwa anayetaka kubadili kilichokwisha kuandikwa. Ilikuwa mistari kumi na minne tu ya kuongeza. Nikakipeleka kifaa mapokezi mwenyewe, na sitaficha, nilikwenda kutafuta sifa.

"Shikamoo, mama. Sasa kitakuwa kinaamka chenyewe."

"Marahaba." Akamnyanyua sangara, akasema, "Kumi na mbili," akamweka kwenye mzani. Kifaa kikaamka, kikaandika kumi na mbili.

"Kumbe ilikuwa inawezekana?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na hukuja kuniuliza," akasema, akanigeuzia mgongo, akamshika sangara mwingine.