Samli ya Chini ya Kitanda

Vidole vyangu vilianza kukataa kazi mwaka niliostaafu ualimu, kana kwamba navyo vilikuwa vikisubiri siku hiyo. Kwanza vilikataa vifungo vya gauni, kisha ufunguo, kisha kisu cha kumenyea viazi. Baadaye magoti yakajiunga na mgomo. Hospitalini wakaniambia ni baridi yabisi, ugonjwa ambao mtu anaishi nao mpaka mwisho wake, nikapewa vidonge. Vidonge vilipunguza maumivu ya viungo, vikanianzishia ya tumbo. Nikarudi, nikapewa vidonge vingine vya kulilinda tumbo na vile vya kwanza. Nilichoka. Watu hupenda kumwambia mgonjwa apambane, lakini mgonjwa wa miaka mingi hapambani. Anaamka tu, kwa sababu kumekucha.

Ninaishi peke yangu nje kidogo ya mji wa Bariadi, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Binti yangu wa pekee ameolewa hapo mjini, na mumewe ni polisi.

Aliyeniletea bangi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mfugaji wa kijiji cha Lingeka. Alikuja kunijulia hali na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha tunavyokula wakati wa njaa. Chini ya michembe kulikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Shemeji, hii si ya kuvuta," akasema. "Inapikwa na samli, unajipaka. Jioni unalamba kidogo, unalala. Mgongo wangu unaujua ulivyokuwa."

"Unataka nifungwe uzeeni?"

"Kwani humu ndani hujafungwa?"

Wiki ile nzima nilikuwa sijafika getini.

Nimesikia ziko nchi ambako daktari anakuandikia bangi, ukaichukue dirishani kama panadol. Huku kwetu kukutwa nayo ni jela, uwe na magoti mabovu au mazima. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya madarasa miaka na miaka nikifundisha kwamba bangi huleta wazimu, na nilifundisha kwa sauti. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Tatizo lilikuwa kuipika. Mikono yangu haikuweza kuinua sufuria, kwa hiyo ilibidi nimwambie binti. Alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Mama, mume wangu unajua anafanya kazi gani. Ikijulikana mimi ndiye niliyepika, nitafungwa mimi, na yeye atavuliwa magwanda. Watoto wataenda wapi?"

Nikamwambia basi, tusiongee tena. Jumamosi iliyofuata alikuja mapema bila kunitaarifu, akanikuta natambaa uani kwenda chooni. Aliniinua, akaninawisha magoti, kisha akaingia jikoni na kuuliza samli iko wapi. Nilipojaribu kumzuia akanijibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye, mama." Nililia, na sikulia kwa furaha. Ni aibu kubwa kuwa nundu ya mwanao.

Sitaki kusema uongo kwamba nilipona. Maumivu hayakuondoka, yalisogea tu, kama mgeni anayejibana kwenye benchi ili na wewe upate pa kukalia. Niliweza kulala mpaka alfajiri. Niliweza kufunga kanga mwenyewe. Kwa mtu mwenye afya hayo ni mambo madogo, mpaka siku utakapoyakosa. Kila Jumamosi binti alinipaka, tukafukiza majani ya mwarobaini kufukuza harufu, jirani akidhani naogopa sana mbu. Kopo la samli hiyo nililiweka chini ya kitanda.

Tena nilijiona mjanja. Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Mkwe wangu hanipi mkono, hali nami sahani moja, wala havuki kizingiti cha chumba changu. Hata kuongea nami anapitia kwa mkewe, ingawa tunasikilizana vizuri tu. "Mwambie mama za hapa." "Mwambie mkwe ni nzuri." Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo na wanatucheka, lakini huyu alilelewa na babu yake kule Mwanhuzi, na anayashika kuliko hata mimi. Ndiyo maana nilijiambia kwamba polisi wa mkoa mzima wangeweza kunipekua, isipokuwa huyu aliye karibu.

Jumamosi moja ya masika alikuja na pikipiki kumchukua mkewe. Binti alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Mimi nilikuwa nimeshuka kitandani kulivuta kopo, magoti yakagoma, nikaanguka ubavu. Kifuniko kilifunguka, samli ikamwagika sakafuni. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa vilevile.

Nilimsikia akisimama nje ya pazia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu, akaniuliza mimi mwenyewe.

"Mama, kuna mtu mwingine humo ndani?"

"Hakuna, baba."

Nadhani alikuwa akitazama barabarani, akiomba mwanamke yeyote apite. Hakupita mtu. Akavua viatu, akaingia amegeuza uso kabisa, akanitafuta kwa mikono kama kipofu. Aliniinua, akaniweka kitandani, akatoka. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na yeye kazi yake ni kuijua harufu ile. Nilimsikia akinawa bombani muda mrefu. Binti aliporudi, walipanda pikipiki wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja uso umemvimba kwa kulia. "Hajasema kitu," aliniambia. "Anakula, anakwenda kazini, anarudi. Akifunga mlango kwa nguvu nashtuka. Usiku hapati usingizi, na mimi sipati. Mama, naogopa."

Alinipaka samli iliyobaki. Nilimtazama nikajua kwamba usingizi wangu nimeutoa kwenye nyumba yake. Alipoondoka tu nikachukua fimbo na kopo, nikajikokota mpaka chooni. Kifuniko nilikifungua kwa meno. Nikamwaga yote, nikalisugua kopo kwa majivu, nikatupa na bangi iliyobaki. Nilirudi ndani nikiwa na hasira na kila mtu, na Mungu pia.

Siku chache baadaye nikasikia mbuzi uani. Mkwe alikuwa amemleta kwa kamba, mkewe nyuma yake. Mimi nilikuwa ndani, mlango wazi. Akachuchumaa mbali, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jikoni.

"Mwambie mama nimekuja kuomba radhi," akamwambia mkewe. "Siku ile nilimgusa."

Binti alibaki mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa karipio, kwa pingu, hata kwa talaka ya mwanangu. Sikuwa nimejiandaa kwa mbuzi.

"Mwambie mkwe nimepokea, na hana kosa," nikasema. "Mwambie na mimi nilikuwa na kosa langu. Nimelimwaga chooni. Halitarudi."

Aliivuta kamba, akamrudisha mbuzi aliyekuwa ameanza kutafuna kanga kwenye waya.

"Mwambie mama," akasema taratibu, "mimi siku ile nilikuwa nimetazama ukutani."

Walipokuwa wanaondoka binti alichomoka, akaninong'oneza, "Mama, kumbe amekuachia. Nimpigie baba mdogo Lingeka alete nyingine?" Macho yake yalikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda. Nikamkatalia. Yule kijana amenifichia mara moja, na imemgharimu usingizi. Mara ya pili itakuwa mimi ndiye ninayemtumia. Nampenda mno, na kwa desturi yetu hilo siwezi kumwambia.

Sasa nalala kidogo, naamka, nasikiliza magoti. Binti bado anakuja kila Jumamosi, anapasha samli tupu, ananikanda vidole kimoja kimoja, kisha ananiuliza kama inasaidia. Haisaidii kitu. Namwambia inasaidia sana, ili arudi kwake akalale.