Kikopo Nilichompa Mkwe Hakikuwa Changu

(Barua hii imetoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Kisarawe. Jina lake tunalo, ila halitatajwa.)

Assalaam alaikum ndugu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mkulima, naishi karibu na Kibaha. Kusoma nilisoma msahafu, na hizi herufi za kizungu nilifundishwa na mume wangu baada ya kuolewa, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Sala tano siziachi. Jambo hili sijamwambia mtu.

Nina binti mmoja, ameolewa mwaka jana na kijana wa Mlandizi aliyesoma sana. Shule za hapa amezimaliza, vyeti anavyo, na bado yuko chuo kikuu Kampala anaongeza udaktari. Binti nakaa naye mimi mpaka mwenziwe amalize. Likizo ndefu iliyopita kijana aliletwa Kisarawe ajifunze kazi kwa vitendo, chini ya Bwana Afya. Tulifurahi, hata jogoo akachinjwa.

Kumbe kazi yenyewe ni kukusanya choo. Naam, choo kikubwa cha watu. Alikuja na baiskeli, kabeba vikopo vidogo vya bati vyenye mifuniko, kila kimoja na namba yake, na orodha ya watu wa kila nyumba. Wanatafuta wadudu wa safura, wale wanaonyonya damu tumboni, alisema. Wengine walicheka, wengine wakakataa. Mume wangu, kwa kuwa kijana ni mkwewe, akatamka mbele ya watu msikitini kwamba nyumba yake itakuwa ya kwanza na hatabaki mtu.

Ndugu zangu, mimi ni mama mkwe. Kijana yule hajawahi kuniona nikitafuna. Tukikutana njiani napisha, nafunika uso kwa kanga, na neno lake kwangu hupitia kwa binti. Leo nimpe kikopo, afungue, achokoe kwa kijiti, atazame kwa darubini? Nikamtuma binti akamwambie anitoe kwenye orodha. Akarudi na jibu: "Anasema katika hili yeye si mkwe, mama, ni mganga. Na chako ndicho anachokitaka zaidi, wenzio wakuige."

Nilitema mate. Siku ile ile nilimwona anavipanga vikopo vya majirani kwenye kikapu nilichosuka kwa mikono yangu, kile nilichompelekea vitumbua. Kisha akanawa, akakaa, akala wali wangu kwa mkono ule ule. Kikapu kile niliomba kisirudi tena kwangu.

Wakati huo wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa amekuja kupumzika kutoka Kwala. Ana mimba, na alikuwa hana nguvu kabisa. Amepauka mpaka kucha, akitwanga kidogo anakaa chini anahema. Hakuandikwa kwenye orodha kwa kuwa si mtu wa nyumba hii. Lakini aliposikia habari za wadudu akaniomba, "Wifi, na mimi nipatie kikopo, labda watajua kinachonimaliza." Nikampa changu. Alipokirudisha, nikakitoa kwa jina langu. Nilijiona mjanja. Choo ni choo, nikasema moyoni.

Kijana akauliza, kupitia kwa binti, kama kila mtu ametoa chake mwenyewe, maana nyumba ya pili walijaza cha mbuzi. Nikajibu, "Mwambie wallahi ni changu." Nimemtaja Mungu kwa ajili ya choo.

Siku ya kuondoka, wifi akaniuliza kikopo chake kimesemaje. Sisi tuna utani, nikamcheka. "Safi kabisa. Unaumwa uvivu tu, rudi kwa mumeo ukalime." Akacheka na yeye, akajitwika mzigo wake akaenda.

Likizo ikaisha, kijana akarudi Kampala. Barua yake imefika wiki iliyopita, binti akaisoma kwa sauti mbele ya baba yake. Kwanza habari za mji: taa za umeme, mpira jioni, mkate na siagi, na wenzake waliorudi kila mmoja na hadithi zake. Halafu nikaja mimi. Kikopo changu ndicho kilichokuwa na mayai ya wadudu mengi kuliko vyote alivyokusanya. Amekitia dawa kisioze akaenda nacho chuoni, darasa zima limechungulia kwa zamu, mwalimu amemsifu, na wenzake mezani wakila wanamwita Mkwe wa Kikopo. Anashangaa ninavyoweza kulima. Mwenye wadudu wengi hivyo huishiwa damu, anasema, na kama ni mjamzito anaweza kufa yeye na mtoto. Ameandikia hospitali ya Kisarawe, niende Jumatatu nikatibiwe.

Mume wangu akasema alhamdulillahi, mkwe ameniokolea mke. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika. Wakati ule nilidhani ni kwa ajili ya wale vijana na siagi yao.

Jana amepita mtu kutoka Kwala. Wifi hasimami tena bila kushikwa, na wamemkuta anakula udongo wa ukuta. Mumewe anasema ni mvivu, hata wifi yake wa Kibaha alimwambia hivyo.

Tangu hapo ninayemwonea kinyaa ni mimi mwenyewe. Nikisema kweli, mkwe atachekwa na darasa zima, mume wangu ataaibika msikitini, na binti sijui ndoa yake itabaki vipi. Kafara ya kiapo naijua, nitafunga siku tatu. Kwa wifi nifunge ngapi?

Kesho kutwa ni Jumatatu, na mume wangu ameshatia upepo baiskeli. Barua hii mtaisoma nikiwa nimeshapanda, lakini nishaurini, maana kila nikifumbua mdomo haya inaufunga. Nikae kimya anipeleke Kisarawe nikanywe dawa ya mtu, au nimwambie ageuze njia, tumfuate mgonjwa Kwala?