Kibao cha Marufuku Kuvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa mbili kasoro robo, nimevaa buibui la kuazima kwa dada yangu, nikamkuta Mkuu amekwisha kaa. Nikamwambia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba. Kaa, uniandikie kwa maneno matano kwa nini nikuajiri." Nikaandika: Najua kusoma, kuandika na kunyamaza. Akasoma, akakata "na", akaweka koma. "Manne yanatosha," akasema. "Miezi mitatu ya majaribio."

Vijana wa leo mkisikia ofisi ya maandishi mnadhani ni mahali pa kutoa fotokopi. Yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kanga, Malindi mjini, miaka ya themanini, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia wenye biashara: barua za benki, matangazo, majina ya maduka, lebo za chupa za achari, orodha za vyakula vya hoteli. Tulikuwa watu watatu na vyeo vitatu. Mkuu, aliyestaafu ukarani wa mahakama, ndiye Mkurugenzi. Kazungu wa Ganda, mchoraji wa vibao, alikuwa Afisa wa Maonyesho. Mimi nikaitwa Mwandishi Msaidizi, ingawa hapakuwa na mwandishi wa kumsaidia. Mkuu hakuwa akiandika, alikuwa akifuta.

Kufuta kwenyewe alikuita kukamua. Rasimu, yaani andiko la kwanza ambalo halijasafishwa, kwake ilikuwa nazi iliyokunwa: uikamue mpaka tui litoke, chicha uitupe. Ukimpelekea barua ya kurasa mbili, inarudi nusu ukurasa. Tajiri mmoja wa Kakuyuni alitaka mashini yake ya kusaga mahindi iitwe Kampuni Kuu ya Kimataifa ya Usagaji Bora wa Nafaka za Kila Namna. Mkuu akamkamua mpaka akabaki na Unga Laini. Bwana yule aliondoka amenuna, na baada ya mwezi akarudi na kuku wawili, maana watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake.

Mwezi wa pili nikapelekwa Kilifi, kwenye tawi letu. Tawi lenyewe lilikuwa meza moja pembeni mwa duka la vitabu, na Meneja wa Tawi ndiye mwenye duka, bwana mnene asiyependa kusimama. Yeye ndiye aliyenifundisha nguvu ya nakala. Unaweka karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili, unapiga taipu, unapata barua na pacha wake. "Bi Esha," akaniambia, "barua haiogopwi kwa yaliyomo. Inaogopwa kwa yaliyo chini kushoto, penye Nakala kwa. Mtu akiona nakala imekwenda kwa D.O., mkuu wa tarafa mwenyewe, anaisoma hali amesimama." Nikayaweka moyoni.

Nilirudi Malindi nimebakiza wiki tatu za majaribio, ndipo ikaja kazi ya kibao. Hoteli moja ya ufukweni ilituletea barua. Wageni wao walikuwa wakilalamika kwamba kila asubuhi wanaamshwa na wavuvi wanaokokota juya, wavu mrefu unaovutwa na watu wengi mpaka nchi kavu, na kwamba harufu ya samaki inawaharibia chai. Meneja wa hoteli, mzungu mwenye mwaka mmoja Malindi na Kiswahili cha "jambo" tu, alitaka kibao cha kuwakataza. Kiwe cha Kiswahili peke yake, alisema, kwa kuwa wageni hakiwahusu.

Niliisoma barua ile mara mbili. Mmoja wa wavuvi hao alikuwa baba yangu. Wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, na yeye na wenzake walikuwa wakivua pale tangu mimi sijazaliwa. Kushoto kuna mawe, kulia kuna mawe, na juya halikokotwi juu ya mawe. Wakifukuzwa pale, hawana pengine. Nyumbani tulikuwa watu tisa, na tulikula alichokokota yeye. Lakini mshahara wangu nao ndio kwanza ulikuwa umeanza kununua sukari. Nikawaza kumwomba Mkuu ampe kazi ile mtu mwingine, nikakumbuka kuwa mtu mwingine hayupo. Basi niliandika. Mniwie radhi, niliandika, tena vizuri: Ni marufuku kuvua samaki mbele ya hoteli hii.

Mkuu akachukua kalamu yake nyekundu. "Mbele ya hoteli hii? Kwani kibao kitasimama nyuma?" Akakata. "Hii 'ni' ina kazi gani?" Akakata. Akafika kwenye samaki. "Na bahari ile watu watavua nini, nyanya?" Akakata. Yakabaki maneno mawili: MARUFUKU KUVUA.

Nililiona kosa pale pale. Kuvua samaki ni kuvua, na kuvua nguo nako ni kuvua. Ulimi uliniwasha, nikaung'ata. Kazungu akauliza, "Mkuu, nichore na samaki pembeni?"

"Kibao si kitabu cha nasari," Mkuu akasema. Kazungu akanitazama mimi, nami nikaitazama taipureta.

Kibao kikasimikwa jioni. Asubuhi yake baba na wenzake walifika na juya lao, wakakizunguka. Mmoja wao aliyefika darasa la nne akasoma kwa sauti, "Marufuku kuvua." Wakatazamana. Baba alisoma chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu tu, na hata a ya kizungu hakuijua, lakini yeye ndiye aliyetoa hukumu. "Si mnawaona hawa wageni wanavyolala uchi mchanga mzima? Meneja ameona haya. Anataka watu wavae. Haya, vaeni." Wakavaa. Wanaume kumi na wawili wakakokota juya wamefunga vifungo vya mashati mpaka shingoni, na mmoja, kwa kuogopa sheria, akavaa na koti.

Askari wa hoteli, Mzee Safari, alikuwa mtu wa kutii maandishi. Alipokisoma kibao alimshukuru Mungu, kwa sababu miaka yote alikuwa akizungumza na wageni huku anatazama minazi. Akaenda nyumbani, akachukua kanga nne za mkewe. Kila mgeni aliyejilaza na kichupi, Mzee Safari alimfunika taratibu toka mabegani hadi magotini, akamwambia kwa adabu, "Madamu, kuvua marufuku." Wageni wakadhani ni zawadi ya hoteli. Siku ya tatu kanga zote nne zilikuwa njiani kwenda Ulaya, na mke wa Mzee Safari alikuwa amesimama mlangoni kwa Meneja anazitaka kanga zake.

Ndipo Meneja alipotujia, uso mwekundu kama pilipili. Alieleza kwa Kiingereza kwamba aliagiza wavuvi waondoke, na wavuvi wapo, ila siku hizi wanavua na makoti. Akataka kibao kirekebishwe, akaubamiza mlango, akashuka ngazi.

Mkuu akaitoa rasimu yangu kwenye jalada, akaitazama muda mrefu. Sijapata kumwona mtu akiumia vile kwa neno moja. "Bi Esha, ulijua?"

"Nilijua, Mkuu."

"Mbona hukusema?"

Nikamweleza: baba, mawe, watu tisa. Mkuu akaisafisha miwani yake kwa pindo la shati. "Mteja ni mteja," akasema. "Kazungu, kesho asubuhi nenda ukaongeze samaki. Na wewe Bi Esha, yako tutayazungumza Ijumaa." Nilijua ya Ijumaa ni yapi. Nikaanza kukusanya kalamu zangu.

Kabla ya adhuhuri yakasikika makubadhi kwenye ngazi. Wakaingia wazee wanne wa mtaa, imamu mbele. "Tumekuja kuandikiwa barua ya shukrani," imamu akasema. "Miaka mingapi tunalalamikia uchi ule wa ufukweni, hakuna anayetusikiliza. Leo Meneja, Mungu amjaalie kheri, ameweka kibao kwa hiari yake. Mtu mwema kama huyo haachwi bila asante."

Mkuu aliwakaribisha vitini. Kisha akasema, "Mwandishi Msaidizi yuko pale."

Sijapata kuandika barua tamu kama ile. Nilimshukuru Meneja kwa kuuheshimu mji. Niliwataja wavuvi kuwa wa kwanza kutii, wakivuta juya lao pale pale pa siku zote hali wamesitirika, nikamwomba Meneja adumishe mfano huo miaka na miaka. Chini kushoto nikaandika: Nakala kwa D.O. Mkuu akaisoma, kalamu nyekundu mkononi, nami naitazama ile kalamu. Hakukata kitu. Aliongeza neno moja tu, chini kabisa: Chifu.

Barua ya shukrani ni kitu adimu mezani kwa D.O., kwa hiyo hakukawia. Kesho yake Kazungu alipofika ufukweni na kopo la rangi, alimkuta D.O. amefika na Chifu, imamu na sinia ya halua. D.O. alimpa Meneja mkono mbele ya watu, akamwita mfano wa kuigwa pwani nzima. Meneja angesema nini? Kwamba yeye alitaka uchi ubaki na wavuvi waondoke? Alicheka kwa meno, akala halua.

Kazungu alirudi na kopo lake, akauliza, "Sasa Mkuu, samaki niwaongeze lini?"

"Kibao kikishashukuriwa hakirekebishwi," Mkuu akasema. Ijumaa ile akanithibitisha kazini.

Nilidumu katika kazi hii zaidi ya miaka thelathini. Mkuu alifariki, nikarithi kiti chake. Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja, na siku hizi vijana wananiletea rasimu walizoandika kwenye simu, wananiuliza siri ya kazi. Nawaambia siri hakuna, soma andiko lako kwa jicho la mtu asiyekupenda. Wanayaandika daftarini vizuri sana, kisha wanakwenda kufanya makosa yao wenyewe, na hiyo ni haki yao.

Nilipostaafu tulipika pilau nyumbani. Baba alikuwa hai bado, mzee wa kushikwa mkono, na pilau haijapakuliwa yeye alikuwa ameshaanza kuwasimulia wageni habari ile ile aliyoisimulia mji mzima: jinsi binti yake alivyoandika maneno mawili, wavuvi wakaokoka. Miaka yote hiyo kila aliposimulia mimi niliona haya. Siku ile nikashindwa kuvumilia. Wageni walipoinuka kwenda kunawa, nikamwinamia sikioni.

"Baba, si mimi. Mimi niliandika samaki. Niliandika mfukuzwe. Aliyelikata neno lile ni Mkuu."

"Najua," akasema. "Kazungu aliniambia yote jioni ile ile, akichimba shimo la nguzo."

Nikamtazama. Kumbe alijua asubuhi ile alipowaambia wenzake wavae. "Ulijua nilichoandika, na bado ukanisifu mji mzima?"

Baba akavuta sahani yake karibu. "Sasa ulitaka nimsifu nani? Mkuu wako si mwanangu."