Kati ya Vichanja Viwili

Leo nimenusa kahawa iliyoanikwa, ule uchachu wake, nikakumbuka siku niliyojaribu kutembea. Sina hakika kama nakumbuka sawasawa.

Miguu yangu ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Nesi wa zahanati, aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, hakuwa na vile vyuma vya kushika mtoto anapofundishwa kutembea. Basi akamwomba baba afupishe miguu ya vichanja viwili vya kuanikia kahawa na kuviweka sambamba, nishike huku na huku.

"Nesi, hiyo kahawa ni ya kijiji kizima," mama alisema. "Akiimwaga, nitawaambia nini wenzangu?"

"Mama, kahawa inaokotwa. Huyu akibaki chini, nani atamwokota?"

Nikaanza kutembea huku fito zikitetemeka. Mkono ukateleza, nikavuta mkeka uliotandikwa juu ya kichanja, kahawa ikamwagika udongoni na mimi juu yake.

Mama alikuja mbio, akapiga magoti, akaanza kuokota kahawa. Nisimwonee kwa kutoniinua mimi kwanza, maana sikuwa nimeumia. Nilisikia punje zikidondoka kwenye ungo. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Nesi, zilikuwa hatua ngapi?"