Balbu za Vifaranga

Harufu ya maranda yaliyopashwa joto hunirudisha Lanet, kwenye kibanda cha vifaranga mwisho kabisa wa shamba letu. Mama alikuwa ameacha kibarua ili afuge kuku, na mezani hakuzungumzia kitu kingine.

Mwanzoni balbu ya joto ilikuwa moja. Vifaranga walipoongezeka, Baba akaning'iniza nyingine tatu, zote kwenye waya uleule mwembamba aliouvuta mwenyewe kutoka jikoni, ukapita juu ya mparachichi hadi kibandani. Zikawaka zote. Tukapiga makofi.

Aliyewatunza ni Anti Rhoda, msichana wa Molo aliyetusaidia kazi za nyumbani. Vifaranga aliwaita watoto. Mimi aliniita mkubwa wao.

Ikaja Julai na baridi yake. Asubuhi moja nilimkuta Mama amepiga magoti kwenye maranda. Vifaranga walikuwa wamerundikana chini ya balbu, wakalaliana mpaka wakafa.

"Ulizima stima usiku," Mama alimwambia Rhoda.

"Sikuzima, Mama. Zilikuwa zinawaka. Ni vile hazikuwa na joto."

"Balbu iwake na ikose joto? Unaniona mjinga?"

Baba alisimama mlangoni. Mchana huo Rhoda akaondoka na mfuko wake. Langoni aliinama, akanifunga kifungo cha sweta. "Mkubwa, mimi sikuzima," akasema.

Miaka mingi baadaye, nikisomea ufundi wa stima mjini Nakuru, mwalimu alitufundisha kupiga hesabu ya volti zinazopotea njiani: urefu wa waya, kwenda na kurudi, unene wake, na mzigo unaoubeba. Kwa mfano wangu nilichukua kibanda chetu. Kila balbu tuliyoongeza ilizidisha volti zilizopotelea ndani ya ule waya mwembamba, na volti zikipungua kidogo, joto hupungua zaidi. Nilikaa nikiitazama ile hesabu hadi wenzangu wakatoka darasani. Rhoda alikuwa amesema ukweli mtupu.

Baba alikuwa ameshafariki. Nilimweleza Mama akikatakata sukuma wiki. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kimetulia mkononi.

"Kwao Rhoda ni wapi?" akauliza.

"Molo."

"Molo ni kubwa. Tutamuulizia wapi?"

Ndipo nilipotambua kwamba kwa muda wote aliokaa nasi, akinifulia na kunilaza, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina la baba yake.